Mrejesho: Porsche 911 ya kila siku Mombasa

Asalaam aleikum jamani. Niliuliza kama 911 (gari la michezo la Porsche) toleo la 997 inaweza kuwa gari la kazini, Nyali hadi Moi Avenue, na kwa nini AC hupuliza joto kwenye foleni. Jibu: yawezekana, na mlionambia niangalie mbele mlipatia.

Injini iko nyuma, lakini rejeta (za kupoza maji ya injini) na kondensa za AC (za kupoza gesi yake) ziko kwenye pembe za bampa ya mbele, nyuma ya matundu yanayomeza majani makavu, mchanga na karatasi za nailoni. Uchafu ule ukishika unyevu wa chumvi, kondensa huliwa taratibu hadi gesi ivuje. Dawa ni kufungua bampa, kuutoa uchafu kwa mkono na brashi laini, kisha maji ya presha ndogo. Presha kubwa hulaza mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa. Halafu funika matundu kwa wavu.

Kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo, kondensa hutegemea feni. Kipimo cha feni: washa injini, washa AC, sikiliza mbele. Feni zote mbili zianze polepole. Zikinyamaza, mara nyingi rezista ya kasi ndogo (kifaa kinachopunguza umeme wa feni) imekufa, na feni zitangoja injini ichemke zaidi ndipo zivume kwa kasi. Gesi mpya haitasaidia hapo, ni pesa ya bure.

Oili ya injini ni lita 8 hivi, daraja la 5W-40 au 0W-40; fundi asiwaletee galoni moja ya lita 4, haitoshi.

Matuta, yapande mshazari. Feri ya Likoni, ile ngazi yake ya kupandia magari hukwaruza mdomo wa bampa. Barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri, ni mbali lakini bampa inabaki.