Mvinyo mtamu wa kumalizia chakula: Moscato, port au "Natural Sweet"?

Dada_Shela
Hamjambo wana-Malindi. Jumamosi tutakuwa watu wazima 6 mezani. Kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, halafu maembe na halwa. Dukani nimeona mvinyo mtamu wa namna tatu: Moscato d'Asti (nyeupe nyepesi ya Italia), port (mvinyo mzito wa Ureno) aina ya ruby, na nyekundu ya Afrika Kusini iliyoandikwa "Natural Sweet". Nichukue upi? Nina friji ya kawaida tu, na joto mnalijua.

Mhudumu_Casuarina
Dada, anzia kwenye halwa, maana hiyo ndiyo itakayokuamulia. Chakula kikiuzidi mvinyo kwa utamu, mdomoni hubaki uchachu mtupu, hata chupa iwe ya bei gani. Halwa ni sukari, wanga na samli vilivyopikwa mpaka vikanata. Moscato haiiwezi.

Usidanganyike na gramu za sukari peke yake. Moscato d'Asti huwa na gramu 100 na ushei kwa lita, na ruby iko karibu na hapo hapo. Lakini Moscato ina kilevi cha asilimia 5 hivi, ina uchachu mzuri na gesi kidogo, kwa hiyo ulimi unaiona nyepesi. Port ina asilimia 19 hadi 22. Zabibu zikiwa bado zinachachuka hutiwa pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, sukari inabaki. Ndiyo maana ni nzito na inasimama mbele ya halwa.

Basi Moscato iende na maembe. Embe likiwa limeiva sana hadi linanukia, utaona harufu zake na za Moscato zinafuatana.

Mzee_wa_Maweni
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu embe, ila ruby kwa halwa mimi siipitishi. Ruby ina ladha ya matunda meusi, inapenda chokoleti. Halwa yetu ina iliki na lozi. Tafuta port aina ya tawny, hasa iliyoandikwa miaka 10. Imekaa kwenye mapipa ya mbao mpaka rangi ikageuka kahawia na ladha ikaelekea kwenye njugu na sukari iliyoungua. Na ukishaifungua, tawny inakaa kwenye friji wiki kadhaa bila kuharibika, wakati ruby heri uimalize ndani ya wiki moja au mbili. Moscato ukiifungua leo, kesho haina gesi tena.

Jambo jingine, kwa kuwa rafu za hapa Malindi zimejaa chupa za Italia: soma neno la utamu kwenye lebo. *Secco* ni kavu, *abboccato* ina utamu wa mbali, *amabile* ni tamu kiasi, *dolce* ni tamu kweli. Kwenye mvinyo wa povu kama Prosecco mambo yanageuka: "Extra Dry" ina gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita, na "Dry" ina 17 hadi 32. Yaani "Dry" ndiyo tamu zaidi kuliko "Brut", ambayo ndiyo kavu, na bado haifiki utamu unaoutaka wewe.

Dada_Shela
Ahsante Mzee. Na ile "Natural Sweet" niiache?

Mhudumu_Casuarina
Usiiache kama samaki ana pilipili. Kilevi kingi huchochea ukali wa pilipili, na hizo nyekundu tamu nyingi zina asilimia 8 hivi tu. Ipoze kama soda, inywewe na chakula chenyewe. Kwa halwa haitoshi.

Barani_Kwetu
Kabla ya kulipa, kagua chupa. Joto la pwani huharibu mvinyo mwingi hata kabla haujafika nyumbani. Pitisha kidole gumba juu ya kizibo, kwenye ile karatasi. Ukikuta pamevimba, au pembeni pana mstari wa utomvu mkavu unaonata, mvinyo ulipata moto ukapanda ukasukuma kizibo. Irudishe. Moscato iliyogeuka rangi ya chai nayo iache, na iliyopangwa dirishani juani usiiguse.

Kupoza: ndoo, barafu nusu, maji nusu, na konzi mbili za chumvi. Zamisha chupa hadi shingoni. Dakika 20 zinatosha. Barafu bila maji haipozi vizuri, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu. Kwenye friza usiweke: Moscato ina kilevi kidogo, inaganda upesi, na ina gesi, chupa inaweza kupasuka. Tawny isiwe baridi sana. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla ya kuinywa, la sivyo harufu inalala.

Mwana_wa_Kakoneni
Na mnazi, yaani tembo la nazi, je? Ule wa asubuhi ni mtamu kuliko hizo zote, na unatoka hapa hapa.

Mzee_wa_Maweni
Ni mtamu ukitoka tu mnazini. Hamira iko ndani tangu kwenye kibuyu cha mgema, inaila ile sukari saa baada ya saa. Wa alfajiri ukiuleta mezani usiku, utamu umekwisha na kilevi kimepanda. Kama mnautaka, uagizeni ule unaogemwa jioni, uwekwe kwenye barafu mara moja, na kifuniko kilegezwe kidogo, maana gesi ikijaa chupa ya plastiki inavimba. Asiyetumia kilevi asipewe hata ule mtamu; mpeni dafu au maji ya ukwaju.

Dada_Shela
Wawili hawanywi kabisa. Kwa wanne ninunue kiasi gani?

Mhudumu_Casuarina
Moscato chupa moja ya mililita 750 inatoa glasi 6 za mililita 125. Tawny mimina mililita 75 tu kwa kila mtu, hivyo chupa moja ina glasi 10 na nyingi itabaki. Ukipata nusu chupa ya 375 chukua hiyo. Toa maembe na Moscato kwanza, halwa na tawny mwisho. Ukigeuza, Moscato itaonekana kama maji ya ndimu.