Mbwa anamaliza sahani ya bugali lakini mbavu zinaonekana: nimpe kiasi gani?

Mama Neema (Nguba, Bukavu)
Ndugu zangu, naomba msaada. Simba ni mbwa dume wa miaka miwili, ndiye mlinzi wetu wa usiku. Kila jioni anapata bugali ya muhogo na mchuzi uliobaki, sahani nzima, anailamba mpaka inang'aa. Lakini mbavu nazihesabu nikiwa mlangoni, na nikimpapasa manyoya yanabaki mkononi. Nilimbeba nikapanda mizani, nikatoa uzito wangu: kilo 18. Niongeze bugali?

Papa Bahati
Mama, kumpima umefanya vizuri sana. Chukua simu: 18 × 18 × 18, kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Unapata 8.7. Zidisha kwa 70, inakuja kama kilokalori 610 za nguvu ya chakula, hizo ni za kulala tu. Dume mzima asiyehasiwa zidisha tena kwa 1.8, basi karibu 1,100 kwa siku. Anzia hapo, kisha mwili wake ndio utakaokuambia.

Mwana Kadutu
Mimi sioni shida ya wingi. Muhogo unajaza tumbo, protini karibu hamna! Wangu alikuwa hivyohivyo. Sasa nampikia unga wa mahindi gramu 200 (kama kilokalori 720), sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, gramu 100 (300 hivi), na kijiko kikubwa cha mafuta (120). Nagawa asubuhi na jioni. Na mchuzi wenye kitunguu acha kabisa, kinaharibu damu ya mbwa.

Furaha, veterineri
Kabla ya yote, choo chake kipimwe minyoo, maana usipoitoa utakuwa unailisha yenyewe. Dawa inapimwa kwa kilo, kwa hiyo ile 18 iandike. Mbavu unatakiwa uzisikie kwa vidole bila kukandamiza. Mpime tena baada ya wiki mbili. Asipopanda, ongeza sehemu ya kumi ya chakula.

Mama Neema
Asanteni sana. Kitunguu kimeniumiza roho, mchuzi wangu wote unacho. Kesho asubuhi nampeleka, na choo kwenye kikopo. Mwana Kadutu, sambaza niziondoe vichwa?

Mwana Kadutu
Hapana Mama, zipike nzima, vile vifupa laini vinampa madini ya mifupa. Zikiwa na chumvi, ziloweke kwanza, umwage maji.