Tupeane uzoefu: mnaofundisha uandishi vyuoni, mnafanyaje?

Chaki Nyekundu: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, darasa la watu 340. Nimemaliza kusahihisha insha za kwanza, na zaidi ya nusu zimeanza na maana ya mada kwa mujibu wa kamusi. Ukiwauliza kwa mdomo wanajieleza vizuri mno. Wakishika kalamu, mawazo yote yanayeyuka. Tupeane uzoefu.

Kalamu ya Mwanzi: Hapo kwenye kamusi umenena. Kila mwaka.

Mwalimu wa Bondeni: Huku Kenya hawaanzi na kamusi, wanaanza na jogoo kuwika. Mtihani wa kidato cha nne una karatasi nzima ya insha, mbili kwa alama 40, basi mtoto anatua chuoni na vifungua insha alivyokariri. Niliwapa waandike kuhusu maji kukatika hosteli. Mmoja akaanza na miale ya jua na ndege kutumbuiza. Nikapiga mstari juu ya aya yote, nikamwandikia, "Anza hapa," kwenye aya ya pili. Ndipo ndoo zilipokuwa.

Mama Rasimu: Mmenikumbusha jambo la mwaka 2016.

Binti mmoja aliniletea insha isiyo na kosa hata moja la tahajia. Chini ya kila ukurasa palikuwa na jina la mtu mwingine na namba ya usajili ya chuo kingine kabisa. Sikumwita ofisini. Nilimsimamisha mbele ya wenzake 280, nikasoma lile jina kwa sauti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakujibu neno. Alibaki anakunja na kukunjua pembe ya kaunta buku lake.

Siku ya pili yake akaja na lile kaunta buku. Kurasa nne kwa bluu, mistari imekatwakatwa, sentensi moja ameiandika mara tatu, na pembeni ameweka, "hapa sijui nisemeje". Ilikuwa insha yake, neno kwa neno. Hana kompyuta. Alilipia kuchapiwa steshenari, na kijana wa pale akafungua faili la mteja wa zamani, akafuta yaliyomo, akasahau kubadilisha jina la chini. Tahajia aliinyoosha kijana huyo.

Nilimwomba radhi palepale. Mbele ya darasa niliomba wiki iliyofuata, naye siku hiyo hakuja. Baadaye alihamia mkondo mwingine. Tangu hapo nakusanya rasimu ya mkono kwanza, na naipa alama 10 kati ya 40.

Kalamu ya Mwanzi: Duh. Pole mwalimu.

Kimbweta cha Tatu: Pole apewe binti. Msomi mzima unamwaibisha mtoto wa watu bila kumuuliza swali moja?

Mama Rasimu: Ni kweli. Pole ni yake.

Chaki Nyekundu: Mwacheni, kaleta mwenyewe ili tujifunze.

Kimbweta cha Tatu: Sijamfukuza. Ila tuache kumpoza mwenye kosa haraka hivyo.

Nondo Kavu: Rasimu ya mkono nayo siku hizi wanainakili kutoka kwenye akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mimi nimerudisha kila kitu darasani. Dakika 20, karatasi moja, simu mezani kwangu.

Chaki Nyekundu: Simu 340 mezani? Na nisahihishe lini?

Nondo Kavu: Usizisahihishe zote. Soma 30, tafuta kosa moja la wengi, kipindi kinachofuata fundisha hilo tu.

Mzee wa Ukumbi B: Sikubaliani. Asiyeonyeshwa kosa lake hulirudia hadi kwenye sapu, ule mtihani wa marudio. Mimi nasahihisha kila nukta, hata kama ni mpaka alfajiri. Mke wangu ameshazoea.

Binti Pwani: Wakuu, nyinyi mnazunguka. Mtoto wa huku Tanzania kasoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kageuziwa Kiingereza, leo tunashangaa mdomoni yupo na kwenye karatasi hayupo. Waacheni wapange hoja kwa Kiswahili kwanza, ndipo waandike kwa Kiingereza. Wangu nawapa dakika 10 za hivyo, na hoja zinatoka.

Mzee wa Ukumbi B: Mtihani utakuja kwa Kiingereza. Unamchelewesha.

Binti Pwani: Anachelewa zaidi akikaa dakika 10 anatafuta neno la kwanza.

Mwalimu wa Bondeni: Naunga mkono Binti Pwani. Wangu hata huchanganya lugha mbili kwenye rasimu, na sikati alama.

Chaki Nyekundu: Mama Rasimu, hiyo rasimu unaikusanya lini?

Mama Rasimu: Wiki moja kabla ya insha yenyewe. Na waambie walete daftari zima, wasichane karatasi. Nikikuta pembeni "hapa sijui nisemeje", naanza kusoma hapo.