Mama anayeuza mbwa anataka kukagua nyumba yangu kwanza. Ni kawaida?

jirani_wa_donholm

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kwa wenye kufuga mbwa hapa Nairobi. Binti yangu anakaribia kutimiza miaka 6 na amelilia mbwa mdogo kwa muda mrefu, wale wa kupakatwa. Nimempata mama mmoja anayezalisha Yorkshire Terrier. Picha zake ni safi, mbwa mama wa watoto hao anaonekana, na kadi ya chanjo ipo. Nikamwambia niko tayari kutuma pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Badala ya kunipa namba akaanza maswali. Nani hushinda nyumbani? Mtoto ana umri gani? Mnaishi ghorofa ya ngapi? Kuna mbwa wengine kwenye ploti? Kuna mbwa aliyekufa hapo mwaka huu? Mwenye nyumba anaruhusu? Sasa anasema lazima aje mwenyewe Donholm, aone nyumba na azungumze na dada wetu wa kazi. Na hata nikipita hayo yote, hamtoi mtoto wa mbwa mpaka afikishe wiki 12.

Kusema kweli nimeudhika kidogo. Pesa ninayo, na mimi si mtu mkatili. Kando ya barabara wanauza bila swali hata moja. Je, hii ni kawaida, au nimeangukia mtu msumbufu?

kijana_wa_roysambu

Pole, bro. Mimi niliulizwa hayo hayo, na nilipotaja kwamba naishi bedsita, yaani chumba kimoja, jumbe zangu hazikujibiwa tena. Iliniuma. Naona hawa watu wanataka wateja wa mitaa ya kitajiri kama Runda na Karen peke yao. Tafuta kwingine.

mama_wa_buruburu

Ndugu wa Donholm, mimi nazalisha Yorkshire Terrier na Maltese hapa Buruburu, na maswali hayo karibu yote nayauliza. Ngoja nikueleze yanatoka wapi.

Tuanze na nani hushinda nyumbani, kwa sababu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Kitoto cha Yorkshire cha wiki 8 mara nyingi hakijafika kilo moja. Ini lake ni dogo, halina nafasi kubwa ya kuweka akiba ya sukari, na mwilini hakuna nyama wala mafuta ya kumsukuma mbele njaa ikiingia. Mtoto wa mbwa mkubwa akikosa mlo wa mchana atalia njaa tu. Huyu akikosa, hasa kukiwa na baridi au akiwa amechoshwa na kuchezewa, sukari inashuka kwenye damu. Unamwona amelegea, anapepesuka, hana habari na chakula, fizi zimepauka, kisha anaanza kutetemeka. Ukichelewa ni degedege, anazimia, na anaweza kufa. Yote hayo yanaweza kuanza na kwisha kati ya wewe kutoka asubuhi na kurudi jioni ukiwa umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road.

Kwa hiyo anapewa chakula mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo, mpaka avuke miezi 3 au 4. Sasa niambie, mlo wa saa nne asubuhi na ule wa saa saba mchana kwako atautoa nani? Ni dada. Ndiyo maana mama huyo anataka kuongea na dada, na mimi nampongeza. Nikienda kwa mtu, naketi na dada jikoni kabla ya kuketi na mwenye nyumba sebuleni. Namwonyesha rangi ya fizi za mtoto aliye mzima, ili siku ikibadilika aijue. Namwonyesha jinsi ya kuchovya kidole kwenye glukosi au asali na kuipaka kwenye fizi, kisha kumfunika mtoto apate joto na kumkimbiza kwa daktari. Namkataza kabisa kummiminia kitu mdomoni, maana aliyezimia hamezi, na kitaingia kwenye mapafu. Halafu namwuliza, bosi wake akiwa hayupo, kama kazi hii ameikubali. Nyumba nyingi humtwika dada mbwa bila kumwuliza na bila kumwongeza hata shilingi. Kama anaogopa mbwa au hawapendi, mimi sitoi. Hana kosa lolote, lakini uhai wa mtoto utakuwa mikononi mwake kutwa nzima.

La umri wa binti yako. Mifupa miwili ya mguu wa mbele wa Yorkshire ni myembamba mno. Akiruka kutoka kochini, au akiponyoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, huvunjika karibu na kifundo. Na hapo ndipo pabaya, kwa sababu kwa mbwa wadogo damu inayofika sehemu hiyo ni chache, basi mfupa hukawia kuunga au hauungi kabisa. Plasta mara nyingi haitoshi. Ni upasuaji, ni bamba la chuma na skrubu ndogo, na bili yake inaweza kupita bei uliyomnunulia. Kwa wenye Chihuahua kuna na utosi. Wengi wao huzaliwa nao ukiwa wazi na baadhi hukua hivyo hivyo, kwa hiyo kugongwa kichwa si jambo la kusema atapoa.

Familia yenye mtoto wa miaka 2 au 3 huiambia isubiri. Miaka 6 inawezekana, lakini siangalii umri peke yake. Nikiwa sebuleni naangalia kitu kimoja: mzazi akisema "achia", mtoto anaachia? Kwangu sheria ni kwamba mtoto wa binadamu anaketi sakafuni na mbwa anamjia mapajani. Kumbeba huku amesimama au anatembea, hapana, mpaka mbwa akomae na mtoto naye akomae.

Swali la mbwa aliyekufa najua ndilo lililokushtua. Ni kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa. Virusi vyake hukaa miezi mingi kwenye udongo na sakafuni, na sabuni ya kawaida haiviui. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ikichanganywa na maji ndiyo husaidia, lakini Jik huwezi kuimwaga kwenye udongo wa ploti nzima. Mtoto huchanjwa mara ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha anarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16 angalau. Kabla ya hapo kinga yake haijatimia. Nikimpeleka kwenye nyumba ambayo mbwa alikufa kwa kuhara damu miezi michache nyuma, nitakuwa nampeleka kufa. Kwa hiyo ukiniambia ukweli sikuhukumu. Tutapanga umchukue baadaye, akishamaliza chanjo.

Wiki 12 nazo zina maana. Kila wiki anayobaki na mama yake anaongeza uzito, anazoea chakula kikavu, anapata chanjo nyingine, na anafunzwa na nduguze kiasi cha kung'ata. Mzalishaji anayemtunza wiki 4 zaidi anagharamika yeye. Angetaka pesa tu angemtoa mapema.

Na wewe kijana wa Roysambu, ulistahili kujibiwa, hata kama jibu ni la. Lakini usiamini kwamba ni Runda tu. Mimi nimempa mbwa fundi cherehani anayeishi chumba kimoja Umoja, kwa sababu anashonea hapo hapo nyumbani na mbwa analala karibu na mashine kutwa nzima. Na nimekataa nyumba kubwa yenye bustani, vyumba vitano, ngazi za marumaru, German Shepherd wawili wanaofunguliwa usiku, na watu wote hawapo mpaka saa mbili usiku. German Shepherd hahitaji kuwa mkali. Akimkanyaga wakicheza, yatosha.

nesi_wa_wanyama

Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, upande wa Waiyaki Way. Naunga mkono Mama wa Buruburu na naongeza mawili.

Kwanza, hao wa kando ya barabara. Mtoto wa wiki 4 wa mbwa yeyote ni mdogo, na akichaguliwa mwenye manyoya marefu anauzwa kwa jina la "Maltese mdogo sana". Tunaletewa wakiwa na minyoo, hawajui kula, wengine tayari wana parvo. Mfungue mdomo. Meno ya utotoni huanza kutoka kwenye wiki ya 3 au 4 na hukamilika kwenye wiki ya 6 hadi 8. Kama fizi ni tupu au meno ndiyo yanachomoza, huyo hajatimiza umri wa kuachana na mama yake, hata muuzaji aape vipi.

Pili, kupe. Mzalishaji akikuuliza utamwogesha na nini, anajua anachouliza. Watu wengi hapa huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, yenye amitrazi, wakaipima kwa kifuniko cha chupa. Kwa mbwa wadogo kama Chihuahua, na kwa mtoto wa chini ya miezi 4, hiyo ni sumu. Analegea, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Dawa ya kupe inunuliwe kwa daktari, ikilingana na uzito wake, naye apimwe kwenye mizani kwanza.

Na kamba ya kumvutia usiifunge kwenye kola ya shingoni. Mbwa hawa koromeo lao ni dhaifu. Nunua mkanda wa kifuani.

jirani_wa_donholm

Asanteni sana. Sikuwa nimefikiria habari ya dada hata kidogo, na kumbe yeye ndiye mhusika mkuu. Nimezungumza naye jioni hii. Anasema kwao Kakamega walifuga mbwa na haogopi, ila Jumapili huwa hayupo kutwa. Siku hiyo mimi na mke wangu tupo, tutagawana milo. Mwenye nyumba alikubali kwa mdomo tu. Tunaishi ghorofa ya pili. Kuna jambo moja: jirani wa chini ana mbwa mkubwa, na usiku humfungulia kwenye uwanja wa ploti. Je, hilo litaniharibia? Na nijiandae vipi akija?

mama_wa_buruburu

Mbwa wa jirani peke yake hatakuharibia kama wa kwako atakuwa ndani usiku na ngazi ina geti. Ongea na jirani mjue anafungua saa ngapi, na haja ya mwisho ya usiku mfundishe wako kuifanyia kwenye gazeti bafuni. Zaidi ya hapo, akimaliza chanjo, kushuka naye ni mikononi au na mkanda, si kumwachilia.

Mwenye nyumba mwombe aandike, hata ujumbe wa simu unatosha. Wasimamizi wa ploti hubadilika, na anayefuata atakuja na sheria zake, kisha mbwa anatafutiwa pa kwenda kwa siku mbili. Mama huyo huenda akakupa karatasi ya kusaini kwamba ukishindwa kumweka, unamrudisha kwake, humuuzi wala kumgawa. Isaini. Ni ulinzi kwako pia.

Mwalike siku ya kazi, saa za mchana, dada akiwepo na nyumba ikiwa vile ilivyo siku zote. Usipange kochi upya. Mwonyeshe mtoto atakapolala, pasiwe kwenye vigae vitupu, maana Julai inakuja na baridi ya Nairobi unaijua. Blanketi na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo zinatosha.

Nawe muulize yako. Mama wa watoto umwone kwa macho, si kwa picha. Uzito wa mtoto kila wiki ameuandika wapi? Anakula chakula gani, saa ngapi? Siku za kwanza mpe hicho hicho, usibadilishe ghafla. Kadi ya chanjo iwe na sahihi ya daktari na kibandiko cha chupa ya dawa. Chanjo ya kichaa cha mbwa atachomwa akifikisha miezi 3, kwa hiyo huenda hiyo ikakuangukia wewe.

Na habari ya mbwa wa jirani mwambie kwa simu kabla hajatoka kwake, asije akaikuta getini.