Ukuta unapigwa na jua kuanzia mchana mpaka jioni, naweza kupanda maua gani hapo?

Mpenda Rangi
Wakuu habari zenu. Nina kipande mbele ya nyumba, kimeegemea ukuta, urefu kama mita tatu na upana mita moja na ushee, nataka niweke maua, sio bustani kubwa, basi tu pawe na rangi mtu akifungua mlango. Shida ni kwamba ukuta unatazama magharibi, asubuhi pana kivuli alafu kuanzia saa saba jua linapiga mpaka linazama, jioni ukigusa ukuta bado wa moto. Udongo mgumu balaa, ukichimba kidogo unakutana na vipande vya tofali na zege walivyoacha mafundi, na mvua ikinyesha maji ya bati yanamwagika hapohapo. Nimeshaandika ninayoyataka: waridi, iksora, zinia, vinka, marigoldi, kana na portulaka. Yote yatakaa? Na naanza na nini, maana kila ninayemuuliza ana lake.

Jembe Halilali
Hiyo orodha iweke pembeni kwanza. Eneo ndio linachagua maua, wewe unachagua rangi tu. Chimba shimo la futi moja, jaza maji, yakiisha jaza tena uangalie. Hayo ya pili yakiisha ndani ya masaa machache uko salama. Yakilala mpaka kesho yake, hata upande nini mizizi itaoza, na mizizi ikioza inakudanganya, mmea unanyauka kama una kiu, unaongeza maji, ndio unaumalizia kabisa.

Kifusi toa chote mpaka sentimita 30 kwenda chini, usiseme utafukia juu yake. Zege na chokaa vinaongeza alkali kwenye udongo na iksora haiwezani na hiyo kitu, majani yanakuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, sababu madini ya chuma yamo humo humo kwenye udongo ila mizizi inashindwa kuyafyonza. Watu wengi wakiona hivyo wanamwaga samadi zaidi wakidhani mmea una njaa. Mi kwa ukuta huo iksora ningeiweka kwenye chungu.

Bibi Mboji
Jembe kwenye kifusi nakuunga mkono, ila kama maji hayaondoki asijitese kuchimba, anyanyue tuta sentimita 20 au 30 na udongo mzuri. Lakini mwanangu usiegemeze huo udongo kwenye ukuta wa nyumba, unyevu utapanda na rangi itaanza kubanduka. Acha kama sentimita 30 kati ya ukuta na tuta, kwanza utapata pa kupita ukipalilia, maana mkono wa mtu aliyechuchumaa unafika kama sentimita 60 tu, ukiweka tuta pana lisilo na njia nyuma utakuwa unakanyaga udongo kila siku mpaka ushindiliwe tena kama ulivyokuwa.

Maji ya bati nayo usiyapuuze. Kama huna mfereji wa kuyakinga basi mstari ule yanapodondokea weka kokoto, usipande kitu. Yale matone yanachimba udongo na kurusha matope kwenye majani ya chini, na ukungu unapanda na hayo matope.

Samadi iwe imeoza sawasawa, ukiishika haina joto, hainuki, inapukutika mkononi. Changanya na udongo, na usizidishe. Naitrojeni, kile chakula cha majani kilichomo kwenye samadi, ikizidi utapata majani yamenona kama mboga na ua la kutafuta kwa tochi 😂

Chipukizi
Mi naongelea maua yenyewe. Watu wanapanga kwa rangi na urefu, wanasahau kiu, ndio maana nusu ya bustani inakufa kwa maji na nusu inakufa kwa ukame. Kwenye orodha yako vinka na portulaka zinavumilia sana, tena vinka ukiimwagilia kila siku ndio inaoza shina. Kana ni kinyume chake, inataka maji na chakula muda wote, kwahiyo ukiichomeka katikati ya vinka moja lazima iumie. Kana ipeleke mwisho kabisa wa tuta, upande ambao maji ya bati yanaelekea.

Waridi hapo ningeacha. Linapenda jua la asubuhi likauke umande, na pawe na hewa inayopita, ukiliweka kwenye ukuta wa moto unakaribisha utitiri, joto na ukavu ndio sherehe yao.

Nyuma weka zinia ndefu, achanisha sentimita 30. Katikati vinka kama sentimita 25, marigoldi fupi pembeni yake, mbele kabisa portulaka zitambae. Na usipande kimoja kimoja kila aina jamani, panda mafungu ya mitatu au mitano ya aina na rangi moja, kwenye eneo dogo ukichanganya kila kitu macho hayajui yatue wapi. Miche ikiwa midogo utapaona patupu, vumilia, usizibe mapengo, vitajazana vyenyewe.

Mpenda Rangi
Asanteni sana aisee, iksora na waridi nimefuta (waridi kwa shingo upande). Maswali mawili ya mwisho. Nina watoto wadogo wanaochuma kila kitu na kuweka mdomoni, kuna shida? Na ninunue miche au mbegu?

Bibi Mboji
Vinka ina sumu ikiliwa, usiichukulie poa. Ndio mmea huohuo walikotoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani, sasa fikiria mtoto ametafuna majani. Kama bado wako kwenye umri wa kuonja dunia, iache vinka kwanza, hapo katikati jaza zinia fupi, hizo hazina neno. Vinka utaweka wakikua.

Jembe Halilali
Zinia panda mbegu palepale zitakapokaa, haipendi kuhamishwa. Fukia kidogo tu, kama nusu sentimita, kwenye joto inatoka ndani ya wiki na miezi miwili hivi unaona maua. Marigoldi nayo ni rahisi vilevile. Portulaka mbegu zake ni vumbi kabisa, tawanya juu bandika na kiganja usifukie, zinataka mwanga ndio ziote. Au omba kikonyo kwa jirani, ukichomeka kinashika.

Ukinunua miche panda jioni, ipate usiku mzima kabla ya lile jua lako la saa saba. Mwagilia asubuhi, kwenye shina sio juu ya majani, na maji yazame. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku mizizi inabaki juu juu na ndiko kwenye joto. Siku za mwanzo usikose, baadae ingiza kidole kwenye udongo, ukavu ukifika pingili ya pili ndio unamwagilia. Na tandaza majani makavu sentimita 5 hivi ila yasiguse shina.

Mtaa wa Tatu
Nadandia uzi. Zinia zangu zinapanda juu tu, ua moja kwa kila mche, tatizo nini?

Chipukizi
Hujazikata vichwa. Zikifika kama shubiri moja kata ncha juu ya jozi ya majani, roho itakuuma lakini hapo ndipo matawi mawili yanatokea, na kila tawi lina ua lake. Alafu ua likianza kufifia likate na kikonyo chake, ukiliacha lifunge mbegu mmea unaona kazi imeisha. Angalia na majani ya chini, ukiona unga mweupe ujue zimebanana, nyofoa yenye unga na upunguze miche hewa ipite.