Filamu zangu zinafanana na za watu wengine, nifanyeje?

TaaNdogo:
Wakuu, heshima kwenu.

Natengeneza filamu fupi. Kuandika ni mimi, kuongoza ni mimi, kuhariri ni mimi. Kwenye kamera ananisaidia mdogo wangu. Kiufundi sijambo: picha imetulia, sauti inasikika, rangi hazigombani. Shida ni kwamba nikimaliza kazi na kuitazama, simuoni aliyeitengeneza. Inaanza na droni ikipaa, mara mtu kasimama dirishani anawaza, na machozi yakianza tu, piano hiyo. Rafiki yangu kaitazama ya mwisho akasema, "Hii kali, kama ya yule bwana," akataja muongozaji mkubwa. Yeye alikuwa ananisifia. Mimi nililala vibaya.

Nikadhani labda sijatazama filamu za kutosha. Nikatazama, hali ikazidi: sasa naiga watu wengi badala ya mmoja. Ubunifu mtu anaukuza vipi? Na tafadhali, asije mtu akaniambia ninunue lensi mpya.

MzeeWaFremu:
Nunua lensi mpya.

Natania, mdogo wangu. Kila mtu alianza kwa kuiga, na anayekwambia hakuiga amekuficha tu alimuiga nani. We endelea kutengeneza.

DadaMkasi:
Mzee, shikamoo, lakini hilo la "endelea kutengeneza" halitoshi. Mtu anaweza kurudia kitu kile kile hadi uzeeni.

TaaNdogo, kutazama filamu nyingi hakuna ubaya. Ubaya ni kuzitazama kama shabiki, maana kinachobaki kichwani ni vile vya juujuu: rangi, muziki, droni. Chukua sini moja unayoipenda, yaani tukio moja la filamu, zima sauti, ondoa rangi, uirudie. Mwaka 2014 muongozaji Steven Soderbergh aliweka kwenye tovuti yake filamu nzima ya Spielberg ya mwaka 1981, kaiondoa rangi na sauti yake ya asili, ili watu wasome mpangilio: nani kasimama wapi, nani anamsogelea nani, shoti, yaani kipande kimoja cha picha, inakaa muda gani kabla haijakatwa. Ukifanya hivyo utaacha kuokota pambo, utaanza kuokota sababu. Sababu ya mtu mwingine ukiipeleka kwenye hadithi yako inazaa shoti tofauti kabisa na yake.

Kimyakimya:
Naheshimu alichosema dada, ila mimi ningemwambia aache filamu kwa muda, atazame watu.

Juzi nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu mzee mmoja akatoa noti zake, akazihesabu, akazirudisha mfukoni. Hatua mbili mbele, akazitoa tena. Alipofika dirishani aliweka kiganja juu ya ule mfuko wa shati na kuuliza bei kana kwamba haijui. Sikuhitaji mtu anieleze kitu. Ningekaa mezani kutunga sini ya mtu mwenye upungufu wa hela, ningemwandikia maneno: "Siku hizi hali ngumu." Huo ndio uvivu unaotufanya tufanane, wote tunatunga kutoka ghala moja.

Weka daftari. Usiandike mawazo ya filamu, andika vitendo. Mikono ilifanya nini, mtu alinyamaza wapi, alidanganya vipi. Baada ya muda lisome lote utaona kuna aina ya mambo ambayo jicho lako linayafuata kila mara. Mimi langu linafuata watu wanaojifanya hawajali. Hilo sikulichagua.

BilaBajeti:
Jiwekee masharti. Muongozaji Robert Rodriguez alipotengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, iliyotoka 1992, alianza kwa kuorodhesha alivyoweza kuvipata bure (mbwa, basi la abiria, hata kobe), ndipo akaandika hadithi inayovitumia. Alishuti kwa kama dola 7,000 tu. Na wale waongozaji wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, mwaka 1995 walijipiga marufuku kabisa: kamera ishikwe mkononi, taa za ziada hapana, muziki wa kubandika baadaye hapana.

DadaMkasi:
Hizo dola 7,000 ni za kushuti, tuelewane. Studio iliongeza hela nyingi tu kabla haijafika kwenye majumba ya sinema. Vijana wanaisikia nusu ya hiyo habari, wanaumia.

BilaBajeti:
Sawa dada, nimekubali. Ila hoja yangu iko palepale, na naongeza: usiazime masharti ya mtu. Jinyime kile unachokiegemea wewe. Kama mkongojo wako ni piano, filamu ijayo isiwe na muziki hata kidogo. Uone machozi yatasimama na nini.

TaaNdogo:
Ahsanteni sana. Hilo la piano limenichoma. Nina sini naiandika sasa: kaka na dada wanagawana vitu vya mama yao aliyefariki. Dada anashika miwani ya mama, analia, kaka anamkumbatia. Hapo ndipo nilikuwa nimeshaweka muziki kichwani. Nikiutoa, naona sini imekufa.

MzeeWaFremu:
Haijafa, ilikuwa inapumulia mashine. Mpe dada kazi ya mikono. Kuna orodha ya vitu, sivyo? Maandishi madogo. Hana miwani yake karibu, anavaa ya mama ili asome. Anasoma vizuri tu: sufuria, redio, saa ya ukutani. Kaka ananyanyua macho, anamwona.

Kimyakimya:
Mzee, kumbe ulikuwa unatuchezea pale juu.

DadaMkasi:
Hapo sasa. Na kaka asilie. Kuna jaribio la muongozaji Mrusi Lev Kuleshov, yapata karne moja iliyopita: uso ule ule wa mwigizaji, hauoneshi chochote, ukiufuatanisha na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiufuatanisha na jeneza wanaona huzuni. Onesha dada na miwani, kata kwenye uso wa kaka uliotulia, rudi kwa dada anayeendelea kusoma. Kulia mwachie mtazamaji. Malizia kwenye uso wa kaka.

Kimyakimya:
Sikubaliani na huo mwisho. Ukimalizia kwenye uso umemwambia mtazamaji ahuzunike. Mimi ningemwacha kaka aulize, "Redio umeiandika?" na dada ajibu bila kuinua kichwa. Waendelee kugawana.

TaaNdogo:
Duh. Mdogo wangu yupo Jumamosi, nitashuti miisho yote miwili, bila muziki, na kuileta hapa. Swali moja la haraka: dada ajue kwamba kaka kamwona, au asijue?

MzeeWaFremu:
Asijue.

DadaMkasi:
Ajue. Na aendelee kusoma hivyohivyo.