Waandaaji wa shindano wameharibu mizani ya shairi langu, kisha nikanyimwa alama kwa kukosa mizani

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na zile za mashindano feki. Lingekuwa feki ningesema nimepigwa, nikalala zangu. Hili lilikuwa shindano la kweli lenye majaji wa kweli, ndiyo maana linaniuma.

Mwezi wa tatu kikundi kimoja cha fasihi hapa Dar (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua) kilitangaza shindano la hadithi fupi na ushairi. Hadithi isizidi maneno 2,000, ada elfu kumi. Shairi liwe tarbia (mishororo minne kila ubeti), beti saba, ada buku tano. Sharti la ushairi waliliandika kwa herufi kubwa: MIZANI 16 KILA MSHORORO, VINA VYA KATI NA VYA MWISHO, SHAIRI GUNI HALINA NAFASI. Kwa wasiozoea: mizani ni idadi ya silabi, vina ni silabi zinazofanana, na guni ni shairi lililokosea hivyo. Mimi nikafurahi. Nikasema afadhali, safari hii tumepata watu wanaojua wanachokitaka.

Nikatuma vyote viwili. Tarehe ya mwisho ikasogezwa mara tatu, nikanyamaza. Grupu la WhatsApp likafungwa, akawa anaandika admin peke yake, nikanyamaza pia. Ndiyo tabia yetu.

Matokeo yakatoka. Sikushinda, na hilo halina shida kabisa, nimeshashindwa mara nyingi tu na sijawahi kufungua uzi. Shida ni karatasi ya maoni ya jaji waliyoniletea: "Dhamira nzuri, taswira za maisha halisi. Mizani imemshinda. Ajifunze umbo kwanza." Kwenye umbo nimepewa 6 kati ya 30.

Mizani imenishinda? Mimi ambaye nahesabu silabi kwa vidole nikiwa ndani ya daladala mpaka jirani anadhani navuta tasbihi?

Nikafungua daftari langu. Shairi linahusu deni la dukani, kwa Mangi, na mishororo miwili ya kwanza niliyotuma ni hii:

Kila nikenda dukani, jina langu lasomeka,
Limekaa ukutani, kwa chaki limechoreka.

Hesabuni wenyewe. Ki-la-ni-ke-nda-du-ka-ni, nane. Ji-na-la-ngu-la-so-me-ka, nane. Vina vya kati "ni", vya mwisho "ka". Sasa wiki iliyopita wakatupia kwenye grupu PDF ya diwani, yaani kitabu cha mashairi ya washiriki (nitaifikia hiyo diwani), nikaenda ukurasa wangu, nikakuta hivi:

Kila nikienda dukani, jina langu linasomeka,
Limekaa kwenye ukuta, kwa chaki limeandikwa.

Tisa kwa tisa. Mshororo wa pili tisa kwa nane, kina cha kati kimekufa, na cha mwisho nacho kimefuata. Shairi zima liko hivyo, beti zote saba. Kila nilipobana neno, mtu kalifungua. Kubana huko ndiyo inkisari, inafundishwa sekondari, jamani! Na watu wa pwani wanasema "nikenda" midomoni mwao mpaka leo bila kuwa washairi wa chochote. "Lasomeka" nayo ina kosa gani?

Nikampigia mratibu. Kwa mara ya kwanza akapokea. Anasema, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani, kwamba kazi nyingi "zilikuja zimechafuka", kwa hiyo walimpa kijana mmoja wa chuo achape upya na kunyoosha lugha kabla ya kupeleka kwa majaji. Kabla! Yaani alichokisoma jaji sicho nilichokituma. Nikamuuliza, mliwaambia majaji? Akasema halikuwa jambo kubwa.

Nilikuwa na namba ya jaji mmoja wa ushairi, mzee ninayemheshimu tangu nikiwa kijana nasikiliza mashairi redioni. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi niliyoletewa ndiyo niliyosoma." Akaniomba nimsomee langu la asili. Nikasoma. Akalirudia kwa kulighani taratibu, kisha akajaribu ile nakala yao kwa mahadhi yaleyale, na alipofika kwenye "nikienda" sauti ikajikwaa. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mzee wa watu naye katumiwa. Jina lake ndilo lililowavuta washiriki.

Hadithi nayo haikupona. Nina konda wa daladala ya Gongo la Mboto, njia yenye kituo kinachoitwa Mombasa. Mimi niliandika: "Suka twende zetu, Mombasa hamna!" Kijana wa kunyoosha lugha akaandika: "Dereva, tuondoke, hakuna abiria anayeshuka Mombasa." Konda gani huyo? Kasomea wapi? Hadithi ina kurasa nane za konda anayeongea kama taarifa ya habari, halafu jaji wa hadithi kaandika "mazungumzo hayana uhai". Sasa si kweli? Mazungumzo yale kweli hayana uhai, nimeyasoma mwenyewe nikakubaliana naye.

Kuendesha shindano kuna ugumu wake, najua, nimewahi kusaidia la shule. Lakini ugumu si huu. Unapokea kazi, unafuta jina, unaweka namba, unampelekea jaji ILIVYO. Kama mtu kaandika "xaxa" badala ya "sasa", mwache jaji aone hiyo xaxa. Uhariri una wakati wake, nao ni baada ya kushinda, tena mwandishi akiwa mezani. Hakuna bajeti inayohitajika hapo, ni kutokugusa tu. Kutokugusa ni bure.

Na watu wasiniambie "ndiyo mazingira yetu". Mazingira yapi? Tuzo ya Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, ipo tangu 2014 kwa ajili ya miswada ya Kiswahili hikihiki, na ilianza na zawadi za jumla ya dola 15,000. Tuzo ya Mwalimu Nyerere inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza wakakabidhiwa zawadi zao tarehe 13 Aprili 2023. Kiswahili kimeshapata tuzo za heshima. Ninyi wa mtaani hatuwadai mamilioni, tunawadai muache maneno yetu yalale tulipoyalaza.

Haya, diwani. Nilijaza fomu ya kushiriki shindano, hakuna mahali nilipokubali kuchapwa. Sasa nimo ukurasa wa 41, jina langu kamili juu ya shairi guni, na tumetangaziwa kila mshiriki anunue "angalau nakala mbili" kwa 15,000 kila moja. Elfu thelathini ninunue aibu yangu! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa, na wala hailazimu uwe umeisajili popote. Nimewaandikia hivyo. Tiki mbili za bluu, kimya.

Ninachotaka ni vitu viwili. Shairi langu litolewe kwenye hicho kitabu kabla hakijaenda kwa mchapaji. Na kazi zote za ushairi zirudi kwa majaji kama zilivyotumwa, maana inawezekana kabisa mshindi wetu kashinda kwa sababu kijana alichoka alipofika kwake.

Mliomo humu ambao mlishiriki, fungueni PDF, tafuteni ukurasa wenu, mlinganishe. Wekeni mshororo mmoja hapa, wa kabla na wa baada.

Nyongeza, saa 4 usiku: Nimerudishiwa buku tano kwenye simu sasa hivi. Hakuna ujumbe, hakuna samahani. Elfu kumi ya konda bado.